Kidole Kilichokataa Kukunjika

Dada yangu wa Muyinga alinitumia picha ya glavu moja juu ya bati. Vidole vyote vilikuwa vimesimama, vimekauka kama ngozi ya ngoma iliyosahauliwa juani. Hakuandika salamu wala maelezo. Kabla sijaikuza ile picha nione vizuri, akapiga.

“Weye, umeona?”

“Nimeona. Poleni. Nani amefariki?”

“Usinichekeshe, mi niko na kazi. Hii nimeifua vizuri kabisa, maji ya moto, sabuni ya unga, limau, yote. Sasa imekuwa kuni. Iko na mwenzake, ile bado sijafua. Lakini shanga iko nzima, unaona? Beba sindano zako, panda gari, njoo unifungulie hizi shanga, uzishone kwa glavu nyeupe za bibi harusi.”

Bibi harusi ni binti yake, mpwa wangu. Harusi ilikuwa inakaribia, na kwa dada yangu harusi ikikaribia hata mbuzi wa jirani hupewa kazi.

Niseme mimi ni nani, maana si wengi wanaoniona. Ninakaa Nyamugari, mjini Gitega, nyuma ya pazia la chumba cha mbele, juu ya kigoda, nikishona shanga kwenye ndala za ngozi. Mke wangu ndiye anayezipeleka sokoni, ndiye anayebishana na wateja, ndiye anayerudi na habari za dunia. Mimi dunia naipokea ikiwa imeshachujwa. Nilisoma mpaka sekondari, nikatoka na Kifaransa cha kuombea radhi, nikarudi nyumbani, na mpaka leo sijaona sababu ya kutosha ya kutoka tena. Wanaume wanaokunywa kahawa pale kona wananiita mwali. “Mwali hajambo?” wanamuuliza mke wangu akipita na mzigo wake. “Hajambo, anachorwa hina,” anawajibu, na mimi nyuma ya pazia nasikia, naendelea kutunga shanga. Wakwe zangu wako Itaba, si mbali, na hata huko nafika pale tu mtu anapozikwa.

Halafu kuna hili: dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki, yeye aliacha shule ili mimi niende. Kwa hiyo neno “hapana” ninalo kama watu wengine, ila kwa dada nilikuwa sijawahi kulitoa. Akisema njoo, naja. Akisema kula, nakula, hata nikiwa nimeshiba. Nikachukua sindano.

Dada anauza mitumba katika soko la Muyinga. Marobota yake ni ya nguo za baridi: makoti, skafu, kofia za sufu, na glavu. Usicheke. Vijana wa pikipiki wa Muyinga huamka wakati ukungu bado umelala barabarani, na mikono yao ndiyo inayotangulia kwenye upepo. Glavu kwao ni kama breki. Ni katika robota moja la namna hiyo, katikati ya glavu za plastiki na za sufu zilizotoboka, ndipo zilipotokea hizi.

Sasa, kwetu mtumba haulali ndani kabla ya kufuliwa. Nguo imetoka kwa mtu usiyemjua, huenda alishafariki, huenda aliiacha na hasira zake. Unaimwagia maji ya moto, unaisugua, unaianika juu ya bati, jua linamaliza maneno. Dada hufua hivyo hata mikanda. Na hizi glavu zilikuwa na kosa la ziada, zilinuka moshi. Moshi wa kuni hasa, ulioingia mpaka kwenye ncha za vidole.

“Zimetoka kwa nyumba iliyoungua,” dada aliniambia nilipofika, hata kabla hajanipa maji ya kunywa. “Mwenyewe aliungua nazo. Mi siwezi kumvalisha binti yangu moshi wa marehemu. Bibi harusi anuke udi.”

“Kama mwenyewe aliungua nazo, dada, glavu zilipona vipi?”

“Weye ulisoma sana. Kunywa maji.”

Akaziweka kwenye mkeka mbele yangu. Ile iliyofuliwa, ya mkono wa kulia, niliisogeza kando kwanza, kama mtu anavyokwepa kumtazama mgonjwa usoni. Nikaichukua ile ya kushoto ambayo maji hayakuwa yameifikia. Ilikuwa ngozi ya paa wa huko ilikotoka, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, laini hata nikadhani nimeshika sikio la ndama. Haikuishia kwenye kifundo cha mkono kama glavu za pikipiki. Ilipanda, ikafunguka kama mdomo wa tarumbeta mpaka karibu na kiwiko, na ukingoni ikateremsha matamvua. Juu ya sehemu hiyo pana, na juu ya mgongo wa kiganja, mtu alikuwa ameshona maua. Majani yake yalikuwa ya bluu ya mbingu iliyomaliza kunyesha, petali za waridi iliyofifia kama ulimi wa paka, vikonyo vya kijani, na kila umbo limezungushiwa mstari mwembamba wa shanga nyeupe, kama ua wa nyumba ya mtu asiyependa wageni. Nilimwelewa mara moja.

Shanga ndiyo kazi yangu. Nikafanya ninachofanya kila mara nikitaka kujua kama fundi ni fundi, nikageuza upande wa ndani. Kila mtu hupendeza kwa nje. Ndani ndipo unapomkuta na mafundo yake. Ndala zangu ukizigeuza utaona nyuzi zimekatizana kama njia za panya ghalani, ndiyo maana mimi hubandika ngozi ya pili chini yake na kuwaambia watu ni kwa ajili ya kudumu.

Ndani ya ile glavu hapakuwa na kitu. Ngozi tupu, safi. Sindano haikuwa imetoboa mpaka ndani hata mahali pamoja. Iliingia katika unene wa ngozi, ngozi yenyewe si nene kuliko kaniki, ikatembea katikati yake, ikatokea juu tena. Na shanga hazikushonwa moja moja. Uzi mmoja umebeba safu nzima, na uzi wa pili unarudi nyuma yake, kila baada ya shanga chache unaukanyaga ulale. Ukivuta ushanga mmoja, safu yote inakataa kwa pamoja.

Dada alidhani napiga hesabu.

“Zinatosha?”

“Zinatosha nini?”

“Glavu nyeupe, weye! Hizi hapa.” Akanifungulia mfuko. Zilikuwa za satini, ndefu, nyepesi kama utando juu ya maziwa. Mabibi harusi wa mjini siku hizi wote wanavaa hizo, na kila mama anataka za binti yake ziwe na kitu ambacho za binti wa mwenzake hazikuwa nacho.

“Dada,” nikasema, “mi sifungui.”

Mpwa wangu, aliyekuwa mlangoni anamenya vitunguu, akaacha kumenya. Hata mimi nilishtuka. Neno lilitoka lenyewe, kama mbuzi aliyeona mlango wazi.

“Hufungui nini?”

“Hizi shanga. Sizifungui.”

“Mbe! Na nani amekuuliza?” Dada alisimama, na akisimama hata dari inapanda kidogo. “Robota nimenunua mi. Glavu iko yangu, shanga iko yangu, na weye pia, tukisema ukweli, uko wangu. Mi ndio nilikufuta makamasi.”

“Makamasi chukua, dada. Hii kazi siyo yako. Siyo yangu pia. Kuna mtu aliishona mpaka mwisho, hakuacha hata fundo moja la kunipa sababu ya kuigusa.”

“Moja imeshakufa! Itazame! Unamlinda maiti?”

Mpwa wangu alikuwa ameshafuta mikono na kuchukua simu. Alipiga picha ile glavu ya kushoto, akakaa anatelezesha kidole, sisi tunabishana juu ya kichwa chake. Mara akasema, “Mjomba, tazama. Zinafanana na hizi za hapa kwenye simu. Wanaandika ni kazi ya Wakrow. Ni wenyeji wa Amerika, walikuwa kule kabla ya wazungu. Wanawake ndio walikuwa wanashona, wanaume wanazivaa juu ya farasi.”

“Wa nini?” dada akauliza.

“Wakrow, mama. Ni kama kusema kunguru. Kwa lugha yao wenyewe ni watoto wa ndege mwenye mdomo mkubwa, wazungu wakaamua ni kunguru.”

Dada alinigeukia pole pole. Nilijua kinachokuja, nikakaa vizuri kukipokea.

“Basi zimemfikia mwenyewe. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Huyu tangu azaliwe anakimbiza ubawa. Mvua, anakimbia. Wageni, anakimbia. Leo amekuja kunipigia mabawa kwa nyumba yangu!”

Tulicheka wote watatu, maana ilikuwa kweli. Lakini sikuziweka chini zile glavu, na dada aliona.

Mpwa wangu akaendelea kusoma. Wanaandika kwamba ngozi kama hii hailainishwi kwa dawa za dukani. Inasuguliwa kwa ubongo wa mnyama, inavutwa mpaka ikauke, kisha inafukizwa kwa moshi wa ukuni uliooza. Na moshi huo ndio unaoifanya, hata ikilowa, ikubali kurudi laini.

Nikamwambia arudie hapo mwisho. Akarudia. Kumbe ile harufu iliyotutia hofu ya nyumba iliyoungua ndiyo ilikuwa kinga yake. Tulikuwa tumeshika sabuni na limau, tunafua dawa.

“Sikiliza, dada,” nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko mwili. “Nipe zote mbili. Hii uliyoiua nitairudisha, itakuwa laini kama mwenzake kabla ya harusi. Ikirudi, zinabaki nzima, hakuna wa kuzigusa. Isiporudi, nakufungulia kila ushanga kwa mkono wangu na sitasema neno.”

“Laini kila mahali? Kila kidole?”

“Kila kidole.”

Laiti ningesema “vidole vingi.” Lakini mtu aliyezoea kukaa kimya, siku akifungua mdomo hajui pa kuufungia.

Nilirudi Gitega nazo kifuani, ndani ya koti. Nilianza na samli, kwa kiburi cha mtu wa nchi ya ng'ombe. Kwetu samli inalainisha kila kitu, mtoto mchanga, kamba, kiwiko cha bibi. Niliipaka ile ngozi, nikaisugua, nikangoja. Asubuhi kiganja kilikuwa kimebadilika rangi na kigumu vile vile. Sasa nilikuwa na kuni iliyopakwa samli.

Ikabidi nimtume mke wangu kwa mchinjaji. Alirudi ameufungia ubongo wa ng'ombe ndani ya jani la mgomba, ameushika mbali na nguo zake.

“Baba watoto, mi nimeuliza mara mbili kama nilikusikia vizuri. Huu ungepikwa na ndizi, na bizari kidogo, watoto wangekuombea dua. Weye unampa glavu ale?”

“Ni mgonjwa, mama watoto. Mgonjwa huanza.”

“Na mi nikiugua utanipa nini, kandambili?”

Niliuponda ndani ya maji ya vuguvugu mpaka ukawa kama uji mwepesi. Harufu yake sitaielezea. Niliupaka kwa ndani na kwenye kiganja tu, kwa kitambaa, nikikwepa shanga kama mtu anayeosha uso wa mtoto bila kumtia sabuni machoni. Nikaifunga, ikanywa. Kisha ikaja kazi yenyewe, kuvuta. Ngozi ikishanywa hairuhusiwi kukauka ikiwa imetulia. Unaivuta huku, unaivuta kule, unaisugua kwenye ukingo wa kigoda, unapitisha mpini wa mwiko ndani ya kila kidole, na hupumziki mpaka unyevu wote utoke. Ukipumzika, inakauka na sura uliyoiachia.

Nyuma ya pazia haikukauka. Chumba changu kina giza na unyevu, ndiyo maana tunapendana. Nilihitaji upepo. Basi nilitoa kigoda nje, mchana kweupe, nikakaa barazani, glavu magotini.

Kahawa zilisimama hewani kule kona.

“Yoo! Mwali ametoka ndani!” mmoja alipiga kelele. “Pigeni vigelegele!”

“Anakamua nini yule?” akauliza mwingine.

“Mkono wa mtu,” nikamjibu. “Sogea nikuvalishe.”

Walisogea, kwanza kucheka, halafu kutazama. Hakuna mwanaume anayeweza kutazama kazi ya mkono bila kutoa ushauri. Mmoja alitaka niitie mafuta ya mawese, mwingine niipigepige kwa jiwe. Mmoja alisema hii ni kazi ya wanawake. Nikamwambia, kweli kabisa, kule zilikotoka walioziweza ni wanawake, na kama yeye ni mwanaume basi ashike huku avute. Akashika. Alivuta kama anavuta ng'ombe kwenye tope, nikamnyang'anya kabla hajaing'oa.

Kidole gumba kilirudi kwanza. Nilikihisi kinalegea ndani ya vidole vyangu, kama mtoto anayekubali usingizi. Kikafuata kidole kidogo, kisha cha pete, kisha cha kati. Kiganja kikakubali. Cha shahada kikakataa.

Nilikirudia na ubongo, nikakirudia na mwiko, nikakipulizia pumzi yangu mwenyewe. Hakikukunjika. Nikampigia dada kumuuliza alikuwa ameianika vipi ile siku, akaniambia kwa fahari kwamba aliilaza juu ya bati jua la saa sita, na kile kidole alikikandamiza kwa jiwe kisije kikapeperuka. Hapo nikaelewa. Bati lilikipika kikiwa bado kimelowa, na kilichoiva hakirudi kuwa kibichi, muulize mpishi yeyote. Sikumwambia dada. Nilisema tu, “Ahsante, nilitaka kujua.”

Zilibaki shanga. Maji ya moto yalikuwa yameozesha uzi kwenye petali moja, na chache zilikwenda na maji machafu kwenye mtaro wa Muyinga. Nilipekua vikopo vyangu vyote nikitafuta waridi ile iliyofifia. Niliyokuwa nayo ilikuwa imenenepa kidogo na imechangamka mno. Nilijaribu kushona kama yule mwanamke aliyezishona, sindano itembee katikati ya unene. Mara ya kwanza ikatokea upande wa pili. Mara ya pili ikaingia kwenye kidole changu. Nilipofaulu nilikuwa nimejikunja kama mwenye tumbo, na safu yangu moja fupi ilionekana kama mtu aliyevaa ndala msikitini katikati ya swala. Mwenye macho ataiona. Ningeweza kuificha kwa ushanga mweusi juu yake, mbinu hiyo ninayo. Sikuificha. Yule mwanamke hakuficha kitu, nami sikutaka kuanza mimi.

Mwisho nilizifukiza. Nilitia ukuni uliooza ndani ya chetezo cha mke wangu, kile cha udi, alichopewa na mama yake. Alipoingia akakuta nyumba imejaa moshi na glavu mbili zinaning'inia juu ya chetezo, hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akasema, “Mama yangu anatuona,” akatoka nje kucheka mahali nisipomwona.

Siku ya harusi tulifika Muyinga mapema. Nikaha ilipomalizika msikitini na wanaume wakaanza kurudi kwenye ua wa dada kula, dada alinivuta mpaka chumba cha bibi harusi. Mpwa wangu alikuwa amekaa kitandani na buibui la hariri, hina imepanda mikononi mpaka viwikoni, maua na majani, na glavu nyeupe ziko kando yake, bado tupu. Juu ya glavu hizo kulikuwa na mkasi. Dada alikuwa amejiandaa, hata uzi ameshatunga kwenye sindano.

“Leta.”

Nikampa ya kulia. Aliibinya kiganja, akakunja uso kwa mshangao. Akakunja gumba, likakunjika. Akakunja kidole kidogo, cha pete, cha kati. Nilimwona anataka kufurahi na anakataa. Kisha akafika cha shahada.

Alikibinya. Akakibinya tena.

“Na hiki?”

“Hicho bado kina hasira na jiwe lako.”

“Weye ulisema kila kidole. Mi nilikuuliza, na ulisema kila kidole.”

“Nilisema.”

“Basi.” Akachukua mkasi. Hakuwa na ukali, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anasikitika kidogo, kama mtu anayechinja kuku aliyemzoea. “Wageni wanangoja. Kaa hapa tufungue pamoja, hata shanga za mikononi tu zinatosha.”

Sikujua nitafanya nini mpaka nilipokuwa nimeshafanya. Niliichukua ile glavu mikononi mwake, nikatia mkono wangu wa kulia ndani. Nikatia wa kushoto kwenye mwenzake. Zilinitosha kuliko shati langu la harusi. Nikanyoosha mikono yote miwili mbele ya mkasi, matamvua yanatikisika, kile kidole kimemwelekea kifuani.

“Kata,” nikasema. “Lakini mikono yangu iko ndani, dada, na sizivui.”

“Mjinga weye, utavaa mpaka lini?”

“Mpaka uchoke.”

Alinitazama. Mimi pia nilimtazama, na ninaapa ilikuwa mara ya kwanza macho yake kuinama kabla ya yangu. Aliyapeleka kwenye ile petali yangu iliyonenepa, akaigusa kwa ncha ya kidole.

“Hii ni yako.”

“Ni yangu.”

“Mbaya.”

“Najua.”

Mpwa wangu alizisukuma zile glavu nyeupe mpaka zikaanguka upande wa ukuta. “Mi sitaki satini, mama. Nimekaa na hina mchana kutwa bila kujikuna, halafu mnifunike? Hina yangu ionekane.” Akasimama. “Mjomba, nipe mkono tutoke.”

Nikampa. Na hivyo ndivyo mwali wa Nyamugari alivyotoka hadharani Muyinga, amemshika mkono mwali mwenzake, amevaa glavu za mpanda farasi zenye maua mpaka kiwikoni. Vigelegele vikaanza ua mzima, na sikuuliza ni vya nani. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, familia iliyokulia Tanzania na inayosema Kiswahili kilichopigwa pasi, aliona kidole changu cha shahada kimesimama imara, akainua chake.

“Mashaallah,” akasema. “Mjomba anashuhudia.”

“Nashuhudia, mzee wangu.” Ningefanya nini? Hakikunjiki.

Kila niliyempungia nilimwonyesha kidole. Watoto walikuja kuvuta matamvua. Mwanamke mmoja aliniuliza kama ni desturi ya Gitega, nikamwambia ni ya kunguru, akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Na dada alikuwa anazunguka na masinia ya pilau, kila akipita ananitupia jicho la mikononi. Mkasi sikuuona, lakini mkoba wake ulikuwa begani, na mimi namjua dada yangu. Nikakaa kwenye mkeka na mikono magotini. Pilau ikaja. Harufu ya mdalasini ikapanda. Mkono wa kulia, ule wa kulia chakula, ndio ulikuwa ndani ya ngozi ya paa.

“Vua ule,” mke wangu akaninong'oneza.

“Nikivua nimekwisha.”

“Utakufa na njaa kwa ajili ya watu usiowajua?”

“Leo, ndiyo. Kesho sijui.”

Wenzangu kwenye sinia walikula. Nilitazama nyama zikipungua, na sikujuta, ila ile ya upande wangu, yenye mafuta, hiyo nilisikitika kidogo. Sinia lilikuwa linakaribia kuisha wakati kivuli kiliponiangukia. Dada. Ameweka mkoba chini, amefunga kitenge kiunoni, ana sahani yake. Akakaa mbele yangu kama alivyokuwa akikaa zamani, magoti yamegusana na yangu.

“Mwenyewe akija kuzidai?” akauliza. “Huyo mama kunguru?”

“Akifika mpaka Nyamugari nitampa. Na chai juu.”

“Na mi nikija kuzidai?”

“Weye utapewa chai peke yake.”

Aliguna. Akafinyanga tonge la wali, akachagua nyama, akaibana juu yake kwa kidole gumba, akaliinua mpaka usoni kwangu.

“Fungua mdomo, kunguru.”

Mbele ya wageni wote, mwanaume mzima mwenye mvi, nikafungua.

“Hata nikila,” nikamwambia, mdomo umejaa, “sizivui.”

“Nani amekuambia uvue?” akasema, akianza kufinyanga tonge jingine. “Tafuna.”